Kata ya Babu na Kiroba cha Mia Tano

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha kwanza, na jioni nilikuwa muuza duka. Duka lenyewe lilikuwa la mama, chumba kimoja cha mbele ya nyumba yetu pembezoni mwa mji wa Moshi, lenye dirisha la nondo na ubao wa kupitishia bidhaa. Tuliuza mchele, sukari ya kupima, mafuta ya taa, vocha na sabuni za vipande. Juu ya dirisha kulikuwa na msumari wenye pakiti za shampuu, na kwenye msumari huohuo zilining'inia pombe kali za pakiti, yaani viroba. Vilikuja vimeshikana kama mkanda. Kazi yangu ilikuwa kukata kimoja kwa mkasi, kupokea shilingi mia tano na kurudi kwenye daftari langu la hesabu.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa kidato cha pili, shule moja na mimi. Alikuja saa kumi na mbili jioni, shati la shule likiwa nje ya suruali, akanunua viwili. Kimoja alikinywa palepale kwenye kona ya ukuta wa jirani, kwa kuking'ata pembe na kukibana kama mtu anayekamua dawa ya meno. Cha pili alikitia kwenye soksi kwa ajili ya kesho. Soksi zetu za shule zilikuwa ndefu, nyeupe, na mwalimu wa zamu akikagua alikagua urefu wa nywele na usafi wa kola.

Sikumwuliza kitu, nikampa na chenji. Sheria ya Mtoto, iliyopitishwa mwaka 2009 na inayomkataza mtu yeyote kumuuzia mtoto pombe, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, wala hakuna aliyekuwa ameisikia mtaani kwetu. Ingawa hata ingesikika sijui ingemkamata nani. Mnunuzi alikuwa na miaka kumi na mitano, muuzaji alikuwa na kumi na mitatu.

Haya yote niliyasahau, au nilijitahidi kuyasahau, mpaka mwaka jana. Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari isiyo mbali na tulikokulia. Mwalimu wa nidhamu alikamata chupa ndogo kwenye begi la mwanafunzi wa kidato cha pili, na siku mbili baadaye akaniambia: “Mwalimu, wewe bado kijana, wanakusikiliza. Waongeleshe kuhusu pombe. Kipindi kimoja kinatosha.” Dakika arobaini. Nilikubali haraka, halafu usiku nikakaa na karatasi tupu. Nilijua wanachotarajia, maana na sisi tuliletewa hotuba hizo: daktari mwenye picha ya ini lililooza, mchungaji mwenye kisa cha mlevi aliyelala mtaroni, na mwishoni kiapo cha pamoja. Mteja wangu wa viroba alikula kiapo hicho akiwa mstari wa mbele, na soksini alikuwa nacho.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikaanza kuuliza ilikuwaje zamani.

Babu yangu mzaa baba anaishi Kibosho, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Amepita miaka themanini. Nilimkuta ameketi barazani, nikamwamkia, akaitika marahaba kwa kuivuta kama kawaida yake, na nilipomweleza nilichojia alicheka mpaka akakohoa. “Pombe kwa watoto wa shule? Sisi hata hatukuuliza. Mbege ilikuwa ya wazee.”

Kwa asiyeifahamu, mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zilale, maji yake yakachujwa, ukaongezwa uji wa kimea cha ulezi na magome ya mti wa msesewe yanayotia uchungu. Kazi hiyo ni ya siku nyingi na jadi ilifanywa na wanawake. Ikiiva ina uhai wa siku chache tu kabla haijachacha kupita kiasi. Jambo hili la mwisho nililipuuza nilipolisikia, nikalirudia baadaye. Pombe isiyowekeka huwezi kuificha. Lazima inywewe leo au kesho, na kwa sababu ni debe zima, lazima inywewe na watu.

Babu alinieleza utaratibu. Mwenye nyumba anaonja kwanza, kuonyesha haina kitu. Halafu kata, kile kibuyu kilichokatwa chenye mpini, inakwenda kwa mkubwa kuliko wote, kisha inashuka kwa umri. Kijana ambaye hajaoa anasimama nyuma, anachota, anagawa, anasikiliza. Mtoto alilambishwa kidogo pengine, kidole kimoja mdomoni siku ya sherehe, na babu hakuona ubaya. “Lakini kata ulipewa,” alisema. “Hukuichukua mwenyewe. Aliyekupa alikuwa anakujua, anamjua na baba yako.”

Ningependa kusema hapa kwamba mababu zetu walikuwa na hekima ya afya, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimeacha kufundisha Historia na kuanza kuhubiri. Wazee hawakuwanyima vijana pombe kwa kuyahurumia maini yao. Waliinyima kwa sababu pombe ilikuwa mamlaka. Ilifungua mazungumzo ya posa, ilimaliza kesi ya mpaka wa shamba, ilimwagwa kwa ajili ya waliokufa. Aliyeishika kata ndiye aliyeshika ardhi, mifugo na ruhusa ya kuoa. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya kileo Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi unywaji wa karne ya kumi na tisa ulivyofungamana na ukuu wa wanaume wazee. Majirani zetu Wamaasai walikwenda mbali zaidi: pombe ya asali ilikuwa ya wazee, na morani, yule mwenye nguvu na mkuki kuliko wote kijijini, hakuruhusiwa kuigusa. Kwa Wakikuyu nako muratina ilikuwa kinywaji cha waliokwisha kupanda ngazi za uzee. Kulikuwa na dhuluma ndani yake pia. Wanawake waliipika na mara nyingi hawakuinywa, au waliinywa jikoni. Kijana aliyemchukiza baba yake angeweza kusimama nyuma ya kata mpaka mvi zimtoke.

Kwa hiyo siutamani utaratibu ule urudi. Ninachosema ni kwamba ulikuwepo, na kwamba kijana asiyekunywa hakuwa mshamba wala mlokole. Alikuwa kijana tu. Hakuhitaji kutoa sababu. Siku hizi nawaona vijana wa rika langu kwenye harusi wakimzunguka mwenzao aliyeagiza soda, wakimdai maelezo: ni dawa, ni dini, au ni demu? Babu asingeelewa kwa nini swali hilo linaulizwa.

Ndipo nikafika mahali ambapo sikutarajia kufika, mezani pa wanadiplomasia mjini Brussels.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na wenzao waliweka sahihi mkataba mkubwa unaokumbukwa hasa kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu pombe kali. Walichora ukanda kwenye ramani ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kisha wakakubaliana kwamba humo, mahali ambapo pombe za kukenekwa zilikuwa hazijaingia, zisiingizwe, na zilikokwisha kuingia zitozwe ushuru. Sisi sote tumo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1919 mkataba mwingine wa Saint-Germain-en-Laye ukaendeleza katazo. Tanganyika ilipokabidhiwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hati ya Shirikisho la Mataifa, kifungu cha 22, iliitaja biashara ya pombe pamoja na ile ya watumwa na ya silaha kama maovu ambayo mtawala wa nchi za aina yetu alipaswa kuyazuia.

Ukisoma haraka utasema: vizuri, wakoloni walitukinga. Tazama tena nani aliyekatazwa. Katazo halikumtazama mtu ana umri gani, lilimtazama rangi. Karani wa Kizungu wa miaka ishirini na mbili aliyeshuka melini jana angeweza kuagiza wiski hotelini. Mzee mwenye wajukuu, aliyeketi mbele kwenye kila kikao cha ukoo wake, hakuruhusiwa kuigusa, na kwa muda mrefu hata bia ya chupa haikuwa yake. Serikali iliyomwita “boi” akiwa na miaka hamsini ilimwekea sheria ya boi. Mbege yake na pombe nyingine za kienyeji ziliwekewa leseni na kodi. Mijini zikaletwa kumbi za manispaa za kuuzia pombe ya Waafrika, mtindo uliotoka Durban, na Nairobi wakauiga miaka ya 1920. Mapato yake yakatumika kuendeshea makazi ya hao hao Waafrika. Mlevi alijilipia bomba la maji la mtaa wake. Sehemu hizo zikaitwa kilabu, na mpaka leo ukipita Kibosho ukauliza kilabu kiko wapi hakuna atakayekupeleka kwenye klabu ya muziki.

Nilikaa na jambo hili siku kadhaa. Kwa zaidi ya nusu karne, sheria iliwafanya watu wazima wote wa Kiafrika kuwa watoto mbele ya chupa. Vizuizi vilipoanza kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, bia kwanza na pombe kali baadaye, chupa haikuwa tena kinywaji tu. Ilikuwa cheti. Mtu aliyekaa baa ya mjini, amevaa suti, bia baridi mbele yake, alikuwa anatangaza kwamba yeye si boi wa mtu. Babu alinywa bia yake ya kwanza mjini Moshi mwaka wa Uhuru, 1961, kwa pesa ya kahawa iliyouzwa kupitia chama cha ushirika. Anakumbuka alivyoketi kuliko ladha yake. “Ilikuwa chungu,” alisema. “Lakini niliimaliza. Watu walikuwa wananiona.”

Hapo ndipo, nadhani, ukubwa na chupa viliposhonwa pamoja. Matangazo ya bia yaliyofuata miongo yote hiyo hayakubuni wazo jipya. Yalilikuta tayari, yakaliongezea rangi, muziki na timu ya mpira. Na kijana wa miaka kumi na minne, ambaye kiu yake kubwa ni kuonekana mkubwa, hana wakili wa kumweleza kwamba cheti hicho kilitengenezwa kujibu tusi la mtu mwingine, zamani, na kwamba tusi lenyewe lilishafutwa.

Pombe ya magendo nitaipitia kwa kifupi ingawa ina kitabu chake. Gongo, chang'aa, machozi ya simba, piwa: majina ni mengi kuliko mitambo. Serikali ya Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1966, na ndani ya sheria hiyo kinywaji kinaitwa moshi, kwa hiyo mimi wa Moshi nikisoma hukumu za zamani za watu “waliokutwa na moshi” huwa nacheka peke yangu. Kenya ilipiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980. Watu waliendelea kuipika, na baadhi ya wauzaji wakaitia metanoli ipande nguvu. Novemba 2000, pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu ya bei yake ya shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine wengi. Miaka kumi baadaye, sheria iliyosukumwa na mbunge wa Naivasha, John Mututho, ikairuhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni. Lakini ikabana mengine: baa zisikaribie shule kwa chini ya mita 300, saa za kuuza zikapangwa, aliye chini ya miaka kumi na minane asiuziwe, na pombe kali isifungwe kwenye pakiti. Wakenya waliitania sana sheria ile na kuikwepa kwa kila njia. Kipengele cha pakiti, hata hivyo, ndicho kilichonigusa.

Kiroba, kabla ya yote haya, lilikuwa jina la mfuko wa unga. Sijui nani alilihamisha, ila lilihama vizuri: kitu kinachobebeka, kinachobanwa, kisicho na kishindo. Fikiria hesabu yake, maana niliwaandikia wanafunzi ubaoni. Kiroba cha mililita 50 chenye kileo cha asilimia 35 kina mililita 17.5 za alkoholi tupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Viroba viwili vinaipita bia nzima, na havifikii glasi ya chai kwa wingi. Bia ina chupa ya kurudisha, ina ubaridi unaohitaji friji, ina mhudumu wa kuifungua. Lazima uende mahali, ukae, uonekane. Mbege ilikuwa na hayo yote na zaidi, ilikuwa na mzee wa kukupa kata. Kiroba kiliondoa kila mtu. Hakikuchacha, kwa hiyo hakikuhitaji wanywaji wenza. Hakikuwa na harufu mpaka kifunguliwe. Kilitosha kwenye soksi, na bei yake ilikuwa nauli na andazi la mtoto wa shule.

Februari 2017, akiwa Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe za kufungwa kwenye pakiti za plastiki hazitaruhusiwa tena. Wakati huo nilikuwa chuoni. Niliisikia habari kwenye daladala, abiria wakibishana. Mmoja alisema serikali imewaonea maskini, maana matajiri wana chupa zao. Hakuwa amekosea kabisa. Mama aliniambia kwa simu kwamba jumla walikotoa mzigo wamekataa kurudisha pesa.

Kanuni zilizotumika kuvizima viroba zilitungwa chini ya sheria ya mazingira. Katazo lilianzia kwenye plastiki, lile karatasi la nailoni linaloziba mitaro. Vijana walitajwa sana kwenye hotuba, lakini kisheria walipona kwa mgongo wa mitaro. Simaanishi kudharau. Uganda nao mwaka 2019 waliondoa pombe za pakiti sokoni, na nchi nyingine za Afrika zimefanya hivyo. Ninaona tu kwamba miaka yote ya picha za maini na viapo vya paredi haikufanya kile kilichofanywa na kuondoa mkanda mmoja kwenye msumari. Asubuhi ya tarehe 1 Machi, mtoto mwenye shilingi mia tano alipoteza mahali pa kuzipeleka.

Si kwamba unywaji uliisha. Chupa ndogo zilikuja, za plastiki ngumu na za kioo, kama ile iliyokamatwa kwenye begi shuleni kwetu. Lakini chupa ni ghali kwa mmoja. Inabidi wachange watatu au wanne, na wanne ni wagumu kuficha siri, ndiyo maana mwalimu wa nidhamu alijua.

Kabla ya siku ya kipindi changu nilimtafuta yule mteja wa soksi. Alifukuzwa shule akiwa kidato cha tatu, alipoanguka paredi na mdomo ukanuka. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona kwa mbali, tunapungiana mikono. Sasa ni fundi pikipiki, ana karakana yake ndogo, ana mtoto wa kike anayeanza darasa la kwanza. Hanywi tena, na hakuacha kwa mara moja. Aliniambia aliacha mara sita. Nilimkuta amelala chali chini ya pikipiki. Nilimwambia nimeombwa kuongea na watoto na kwamba sijui niwaambie nini, halafu, kwa sababu sikuweza kuendelea bila kulitoa, nikamwambia samahani.

“Ya nini?”

“Vile viroba. Mimi ndiye niliyekuwa nakuuzia.”

Alitoka chini ya pikipiki akafuta mikono kwa kitambaa. “Kaka, na wewe ulikuwa mtoto,” alisema. Akanyamaza kidogo, akaendelea kwa sauti ya mtu anayeeleza kasoro ya injini. “Unajua nilikuwa nakuja saa ngapi? Saa kumi na mbili. Mama yako alikuwa anakwenda jumuiya. Nilikuwa nakaa pale kwa fundi viatu, namsubiri atoke. Mama yako angekuwepo dirishani nisingenunua. Angeniuliza mama yangu hajambo.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile.

Mama yangu aliviuza viroba miaka saba. Aliwauzia wakubwa na hakuwahi kumuuzia mwanafunzi hata kimoja. Ningeapa kwa hilo. Hakujua kwamba dirisha lake lilikuwa na saa mbili za siku ambapo lilikuwa halina mtu mzima. Mimi nilijua, ila sikujua kwamba hilo lilikuwa jambo.

Kipindi chenyewe kilikwenda ovyo mwanzoni. Niliingia na ramani ya Afrika na ukanda wangu wa nyuzi 20 na nyuzi 22, na nikaona macho ya Ijumaa mchana yakizama. Walizinduka nilipofika kwenye soksi. Nilipowaambia kwamba muuzaji nilikuwa mimi, darasa lilitulia kabisa. Niliwaeleza na ya sayansi, kwa ufupi, kwa sababu wana haki ya kuyajua. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka ishirini na mitano, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya mbele, ya kupima mambo na kujizuia. Anayeanza kunywa mapema yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kutawaliwa na pombe baadaye. Vileo viliwekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Waliandika. Kuandika ni tabia yao, huandika hata utani.

Kisha maswali. Msichana wa dawati la mbele aliuliza kama babu yangu bado anakunywa mbege. Nikasema ndiyo, kata moja, Jumapili. Mvulana mmoja akauliza, “Mwalimu, na wewe?” Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo na bado lilinishika koo. Niliwaambia kweli: nilikunywa chuoni, sikuipenda ladha yake hata siku moja, na niliimaliza kila chupa kwa sababu watu walikuwa wananiona. Niliacha nilipogundua kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama. Wakacheka.

Mwenye begi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, adhabu yake ya kufagia ikiwa bado haijaisha. Hakuuliza kitu. Kengele ilipolia alibaki akipanga viti, polepole kuliko ilivyohitajika, na nilipokuwa nafuta ubao akasema bila kunitazama, “Ile tulichanga wanne, mwalimu. Mimi nilibeba tu.”

“Wenzako wako wapi?”

“Walikuwa humu.”

Nikampa dasta amalizie upande wa chini ambako nilikuwa nimeandika hesabu ya kiroba. Tukaongea kuhusu pikipiki, maana anazipenda, na nikamwambia namfahamu fundi mmoja anayepokea vijana wa kujifunza siku za Jumamosi. Aliuliza ni saa ngapi wanaanza. Nikamwambia saa mbili asubuhi, na kwamba fundi huyo hapendi mtu anayechelewa.